Mzigo: Marehemu

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi stendi ya Kahama, mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa mtafiti wa ndege wa makumbusho aliweka boksi mezani. Karani akalifungua. Ndani walilala ndege waliokaushwa, wana pamba machoni, kila mmoja kafungwa kikaratasi mguuni.

"Shikamoo mzee," karani akasema. "Hili jina mguuni ni la nani?"

"Marahaba. Ni langu. Anayemkamata ndege ndiye anayeandikwa."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akarudi hatua mbili. "Yaani baba, unajiroga mwenyewe?"

"Mwaka wa thelathini huu," mzee akajibu, huku akimnyoosha ndege mmoja bawa.

Karani akajikuna kichwa kwa kalamu, kisha akajaza fomu: *Mzigo: marehemu.*

Nikainama kusoma kikaratasi kimoja. Chini ya jina la mzee paliandikwa pori alikokamatwa yule ndege. Nalijua, nilichunga ng'ombe humo utotoni. Leo ni maduara matupu, mashimo ya kuchimbia dhahabu, na miti yake yote imeshushwa mashimoni kuzuia kuta zisiwaangukie wachimbaji.

Kwa hiyo karani hakukosea neno. Alikosea hesabu tu: marehemu mmoja, lile pori, hakuenea kwenye boksi.