Fundi Aliyeufunga Ufizi Wake kwa Uzi

Saa mbili asubuhi, cherehani inanguruma kwenye baraza moja la mtaa wa Buyenzi, na Mwanvua anaishinda kwa sauti. Anamtania mteja wake, Chanelle, anayetaka gauni la mwaka juzi limwingie mwaka huu.

"Mi ni fundi, dada. Miujiza uombe kanisani kwenu!"

Chanelle anacheka hadi anashika mbavu. Mwezi uliopita hapa hapakuwa na kicheko. Mwanvua alizungumza huku amefunika mdomo kwa kiganja, na wateja wakaamua kwamba ameanza maringo. Wengine walihamishia vitambaa vyao kwa jirani.

Maringo yalikuwa kinundu chekundu, ukubwa wa punje ya harage, kilichoota ufizini kati ya meno mawili ya mbele. Shangazi yake alikufa kwa saratani ya mdomo.

"Kila nikilala nilikuwa najizika," anasema. "Hata vitenge vyangu nilishavigawa kichwani. Wifi sikumpa kitu."

Ndipo akatumia akili ya kifundi. Alikifunga kinundu kwa uzi wa nailoni, akakaza, akangoja kidondoke kama kifungo kibovu. Kikavuja damu mpaka khanga ikaloa. Mumewe, Amissi, akamkokota kliniki.

Daktari wa meno, Laure, aliukagua uzi kwa heshima zote.

"Mama, hii fundo ni muzuri sana. Lakini ni ya suruali."

Alipojua kazi yake, alimwomba aoneshe anavyokata uzi. Mwanvua akauma hewa kwa meno yale yale yenye kinundu katikati. Chini ya ufizi, daktari akakuta vipande vya nyuzi na ukoga uliogeuka mawe. Alimchoma ganzi, akakikata kinundu na shina lake, akayakwangua meno.

"Sizani ni kansa," alimwambia, "lakini macho yangu si maabara." Kipande kikapelekwa kupimwa.

Majibu yalitoka wiki iliyopita: si saratani, ni nyama ya ufizi iliyovimba kwa kuchokozwa. Mwanvua alimkumbatia daktari, akamkumbatia Amissi, akamalizia kwa mlinzi wa getini ambaye hakuwa ameomba.

Ameonywa kwamba kinundu kinaweza kurudi, kwa hiyo sasa mkasi unaning'inia shingoni mwake, na daktari anamtaka arudi kukaguliwa.

Mwezi ujao anamwoza bintiye, Houda, na mpango wake wa picha uko tayari.

"Nitasimama mbele kabisa, meno yote nje," anasema. "Mwenye kutaka kuona bibi harusi, anizunguke."