Kifungu cha Kigoda

Msusi tunayemsema hapa wateja wake walimwita Wakili, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Sikio lake la kulia lilikuwa la wateja, la kushoto lilikuwa la podikasti, vipindi vya kusikiliza simuni. Wasusi wenzake mtaa mzima walisuka huku wakisikiliza muziki. Yeye alisuka huku wanasheria wawili wakimfundisha mambo ya biashara na burudani: hakimiliki, ubia, wimbo ni wa nani, jina la bendi ni la nani. Mmoja wao, mwanamama mwenye sauti nzito, alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kila anapotaka kusema jambo la maana. Msusi naye akaambukizwa. Akikohoa tu, mteja anajua leo kapatikana.

"Kh-kh. Dada, huu mtindo umeutoa kwenye picha ya nani? Isije ikawa picha ina mwenyewe."

"Wakili, nisuke bwana, shingo inaniuma!"

Msimcheke lakini. Siku moja sheria ilibisha hodi kweli pale saluni, na aliyeileta ni Mama Sitaki.

Mama Sitaki si mtu wa kuzaliwa. Ni kituko alichokiigiza wifi wa msusi, mke wa kaka yake, ambaye asubuhi alifanya kazi stoo ya shule na mchana akitoka tu, huyo saluni, moja kwa moja kwenye kigoda cha dirishani. Hapo anaibana pua, anakunja mdomo, na anageuka mteja asiyetaka lolote. "Nisuke, lakini kichwa changu usikishike! Nataka ndogondogo, ila ziwe kubwa! Kioo hicho sikitaki, kinanitazama!" Maneno mengi alitungiwa na msusi, lakini sauti na vitimbi vyote vilikuwa vya wifi mwenyewe. Watu walikuwa wanakuja hata kama nywele zao hazihitaji kusukwa. Mteja mmoja akawarekodi, video ikaruka kutoka simu hadi simu, na hatimaye redio ikapiga simu: inamtaka Mama Sitaki kila wiki, waje Ijumaa watie sahihi.

Weee! Mawifi walirukaruka mpaka vibanio vikamwagika sakafuni. Wifi alicheza na kikausha nywele, msusi akacheza na ufagio, na mteja aliyekuwa anaoshwa kichwa akaachwa na povu lake, naye akacheza hivyohivyo.

Kumbe podikasti ilikuwa imeshamtia msusi kiwewe. Alikuwa amesikia mabaya mengi humo, jamani. Wachekeshaji wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, walifikishana mahakamani kugombea mdoli wao wa jukwaani. Ndugu wa bendi moja waligawana jina la bendi katikati kama mkate. Mwimbaji mwingine alikatazwa kujiita jina lake mwenyewe! Msusi akimtazama wifi pale dirishani anavyovunja watu mbavu, anajiuliza: na sisi je? Alimpenda wifi yule kupita kiasi. Heri akose redio kuliko kumkosa yeye.

Basi kwa hofu hiyohiyo ya kumkosa, akaenda kufanya lililomfukuza.

"Kh-kh. Wifi, tuanze na kifungu cha kufa. Ukifa, Mama Sitaki anabaki na nani?"

"Nife? Wifi, mimi hata chakula cha mchana sijala!"

"Haya, tuseme hukufa. Umenisaliti."

"Nimekusaliti lini?"

"Bado. Lakini ukinisaliti, ile sauti ya puani hutaitumia tena popote. Na hapa saluni hutakanyaga, maana tutakuwa na kesi, na wenye kesi hawakai chumba kimoja."

Saluni nzima iliangua kicheko. Wifi hakucheka. Aliinuka polepole, akachukua mkoba wake, akasema, "Haya wakili, baki na kesi yako," akatoka. Msusi alidhani anatania. Kesho yake kigoda kilikuwa kitupu, na keshokutwa pia. Wateja waliingia, wakakitazama, wakasukwa kimya kama wako hospitali.

Alhamisi alikuja mwalimu wa hesabu, mteja wa siku nyingi. Msusi alimsuka huku amenuna, simu iko mezani.

"Wakili, leo hata hukohoi. Podikasti imeisha?"

"Bado hiki kipindi kimoja, cha chini kabisa."

Mwalimu akainama kutazama simu. Akaitazama tena. "Hebu subiri. Wewe ulianzia juu ukashuka?"

"Sasa nianzie wapi?"

"Mbona umesikiliza kinyumenyume! Vipya ndivyo vinakaa juu. Umeanza na kesi, ukaja kwenye ugomvi, ukaja kwenye mkataba. Hiki cha chini ndicho cha kwanza."

Lo! Mtu mzima na akili zake, amejifunza ndoa kwa kuanzia kwenye talaka. Msusi alibonyeza kile cha chini, akafungua sauti yote. Kikohozi kikasikika, kh-kh, na mwanamama akasema: "Kabla hamjaandika neno hata moja, mkalishe mwenzako umuulize: tukigombana, unaogopa kupoteza nini? Hicho ndicho kiandikeni kwanza."

Msusi alichomeka kitana kwenye nywele zake mwenyewe, mguu niponye mpaka barabarani. Nyuma yake mwalimu mbio, shuka la saluni shingoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. "Wakili! Nina darasa saa nane!"

Nyumbani kwa wifi, kaka mtu ndiye aliyefungua mlango. "Kuna nini? Kuna moto?"

"Kuna kifungu! Wifi yuko wapi?"

Wifi alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Alimtazama msusi, akamtazama mwalimu na kichwa chake, akauma mdomo asicheke, maana alikuwa bado amekasirika.

"Wifi, nisamehe," msusi alisema akihema. "Sheria nimeisoma kuanzia mkiani. Nilianza na kugombana kabla hata hatujaanza. Niambie kitu kimoja tu. Tukikosana mimi na wewe, unaogopa kupoteza nini?"

Wifi aliweka pasi pembeni. Akasema, "Kigoda."

"Kigoda?"

"Redio chukua. Mama Sitaki chukua, na pua yake. Mimi kule stoo ni 'dada, lete'. Hapa nyumbani ni 'mama, iko wapi'. Pale dirishani tu, wifi, ndipo watu wananisubiri nifungue mdomo. Halafu wewe, kitu cha kwanza kuninyang'anya ni hicho."

Msusi alimkumbatia hapohapo, analia na kucheka, kitana kinamchoma wifi shavuni. Mwalimu naye alilia, na alipomaliza akaomba amaliziwe nywele palepale sebuleni. Walimshika wawili, huku upande na kule upande, na Mama Sitaki akamkemea mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa walifika redioni na makubaliano yao waliyoyaandika wenyewe. Mwanasheria wa redio, binti mchangamfu, aliyasoma akitikisa kichwa kukubali. Maneno ni ya wote, sauti ni ya wifi, mmoja akikataa kazi inasimama. Kisha akarudi juu kwenye kifungu cha kwanza, akakisoma kwa sauti: "'Hata tukigombana, hata Mama Sitaki akifa, kigoda cha dirishani ni cha wifi.' Jamani, hiki kinaingiaje kwenye mambo ya redio? Si tukitoe?"

Msusi alivuta pumzi ili akohoe. Wifi akamuwahi.

"Kh-kh," alisema, akaibana pua. "Sitaki!"

Yule binti alicheka mpaka akalalia meza, na kifungu kikabaki.

Mchana ule walirudi saluni wameshikana mikono kama watoto wa shule. Ilikuwa imejaa watu waliokuja kusikia habari, na mwalimu, kwa kukosa nafasi, alikuwa amejikalia kwenye kigoda cha dirishani. Wifi alisimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Umekalia kifungu cha kwanza."