Mnyororo wa Mbwa wa Mama

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na watu humwita Kaza. Jina amejipa mwenyewe, maana hana jibu lingine. Geti likilia, kaza. Kitanda kikiyumba, kaza. Nikimwambia kichwa kinaniuma, nahisi neno limemfika kwenye ulimi. Mimi nashona nguo chumba cha mbele, yeye anachomelea uani, na kwa miaka kumi na tisa tumeishi hivyo, mimi na nyuzi zangu, yeye na cheche zake, bila kuunguzana sana.

Mama yangu anaishi peke yake mitaa mitatu kutoka kwetu, na mbwa aitwaye Jabali. Jabali ni dume la kifua kipana, shingo nene kama paja langu, na paja langu si la kuonewa huruma. Marehemu baba ndiye aliyemlea. Tangu baba afariki, mbwa hulala mlangoni kwa mama, na mama husema bila yeye hawezi kulala nyumba ile hata siku moja. Kuhamia kwetu hataki. Anasema cherehani yangu inamkosesha usingizi na mkwe akijinyoosha yeye hajui aangalie wapi.

Siku moja geti la mama lilibaki wazi. Jabali akatoka, akamwangusha mtu wa baiskeli na kumchania suruali. Afisa wa mifugo akaja na daftari lake. Alisema mbwa huyu afungwe kwa mnyororo, usiku na mchana, mpaka atakaporudi kukagua. Akionekana tena barabarani atachukuliwa, na akichukuliwa hatarudi. Mama alinitazama mimi, mimi nikamtazama mume wangu.

Kuombwa kazi na mama mkwe si jambo dogo. Kaza alichimba shimo la kufika gotini, akasimika nondo nene kwenye zege katikati ya uwanja, akaacha pete juu ya ardhi. Alipima urefu ili mbwa afike kivulini na kwenye maji, lakini asifike ukutani, kwa sababu mbwa akiruka ukuta na mnyororo atajinyonga upande wa pili. Hilo nilimsifu, na bado namsifu. Alishona kola pana ya ngozi, akafunga mnyororo, akauvuta mwenyewe kwa uzito wake wote. Akamwambia mama asimfungue hata akilia, atazoea tu.

Siku ya nne mnyororo ulikatika. Jirani mmoja, Mungu ambariki, alimrudisha Jabali kabla habari haijasambaa.

Kaza aliugeuzageuza ule mnyororo mezani mpaka chakula kikapoa. Pingili moja ilikuwa imefunguka, na haikuwa imelika wala kushika kutu. Alisema chuma cha siku hizi ni mchezo mtupu. Akanunua mwingine, mnene mara mbili, akaenda kuujaribu kwa kuinulia injini ya gari kwenye gereji ya jirani. Injini ilining'inia pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wiki haikuisha, Jabali akawa barabarani tena, safari hii kulabu ya kwenye kola ndiyo iliyovunjika, na afisa alimwona kwa macho yake. Mama alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Afisa akasema anarudi Ijumaa, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Hapo akili zetu zilikwama. Mnyororo unaobeba injini unashindwaje na mbwa? Kaza alisema kuna mtu anakuja kuukata. Mimi nikauliza ni mtu gani huyo atakayemsogelea Jabali na tupa ya kukatia chuma mkononi. Usiku nilimsikia akihesabu kilo kwa sauti ya chini. Kuna wakati hata mimi niliwaza mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watu wenye akili. Jumatatu alifunga mnyororo wa tatu, wa kuvutia magari, na kulabu aliyoitengeneza mwenyewe. Ule haukukatika.

Jumatano nilimpelekea mama gauni lake. Nikakuta ufagio umetupwa na mama amepiga magoti katikati ya uwanja. Jabali alikuwa amelala, kichwa kimebanwa juu ya ile pete ya kwenye zege, ulimi nje, macho yamemtoka. Mnyororo wa hatua sita ulikuwa umebaki shubiri moja. Hakukuwa na fundo wala kitu kilichonasa. Nilisimama pale kama mjinga, nikitafuta mnyororo uliobaki umekwenda wapi.

Kulabu iligoma. Mfukoni nilikuwa na mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao sikubali hata ukate karatasi. Nilikata nao ile kola, meno ya Jabali karibu na kidole changu. Ilipoachia ndipo nilipokumbuka kwamba geti sikulifunga. Jabali alijikongoja mpaka kwenye maji, akanywa, akaja kujilaza juu ya miguu ya mama. Getini hakuangalia hata mara moja.

Nilikwenda kufunga geti, nikarudi kuutazama mnyororo. Ulikuwa umejisokota na kujikunja juu yake wenyewe, na hilo nalijua, maana uzi ukisokotwa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo. Mama hufagia uwanja kila siku akizunguka upande uleule, na Jabali humfuata nyuma. Kila mzunguko ulikuwa ukiongeza msokoto mmoja, mpaka kitu kivunjike au, kisipovunjika, mbwa abanwe.

Kaza alipofika nilimuuliza kama mnyororo wa mbwa hauna kitu cha kuuwezesha kuzunguka.

"Kipo," alisema. "Yote mitatu ilikuja na kiungo cha namna hiyo. Nilikiona kinacheza, nikakichomelea."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, na sikujua nianze na lipi. Kaza alikata mchomeleo wake mwenyewe mbele ya mama mkwe, jasho likimtiririka, akakilegeza kile kiungo mpaka kikazunguka kwa kidole. Mimi nikashona mkanda wa turubai wa kumvalisha mbwa kifuani badala ya shingoni. Ijumaa afisa alikuja, akavuta, akazungusha, akaandika. Jabali anabaki.

Afisa alipoondoka tulikunywa chai barazani. Kaza alikuwa ameanza kurudiwa na maringo, akieleza jinsi zege lake lisivyotikisika. Mama alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema hata zile siku mbili alipochomoka, Jabali alikuwa amelia tangu asubuhi, kwa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anavuta kuelekea popote, si getini.

Kaza aliweka kikombe chini. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulisema nisimfungue hata akilia, mwanangu," mama alijibu. "Nikadhani wewe ndiye unayejua."

Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwona amekosa pa kuweka mikono. Aliinuka, akashuka uwanjani, akachutama karibu na mbwa ambaye hakuwahi kumgusa ila kwa kumfunga, akamnyooshea kiganja. Jabali alisimama, akarudi nyuma taratibu mpaka mnyororo ulipofika mwisho wake, akabaki hapo akimtazama. Kaza hakumfuata.