Kinanda Kilichomnyamazisha Senge Rael

Enzi zetu, kumpendekezea mtu wimbo ilikuwa kazi ya miguu. Ukiusikia redioni unatoka mbio, unakata katikati ya majani chai, umande unakulowesha hadi mapajani, na kabla hujafika kwa jirani unapiga kelele: "Fungueni redio! Unaimbwa sasa!" Ukifika, mtangazaji ameshaanza kusoma matangazo ya vifo. Basi unauimba mwenyewe, kwa maneno uliyoyashika nusunusu, na rafiki yako anaupenda au anaukataa kwa sauti yako wewe.

Nyumbani kwetu Kiptere tulikuwa na kaseti mbili na redio yenye tabia ya kutafuna kanda. Kanda tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu, ili tusimalize betri. Betri zikichoka, waimbaji waliburuta maneno kama watu walioshiba ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando. Tulizianika juani, nao wakapata nguvu tena. Vijana wa leo wanaruka wimbo kabla haujafika kiitikio. Sijui wanawahi wapi.

Kisha kinanda kikaja kanisani. Mwalimu Ochieng alikuwa ametoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, akawa pia mwalimu wa kwaya yetu. Jumamosi moja mchana, mvua ya mawe ikitwanga bati, alikifunua kutoka kwenye blanketi, akabonyeza kitufe kimoja, akaweka vidole. Kinanda kikaimba. Sisemi kililia, kiliimba. "Aaaa," sauti za wanawake wengi ambao hatukuwaona. Sisi watoto tulizunguka nyuma kuwatafuta. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikipenda bila breki.

Kwaya yetu ilibebwa na sauti moja: ya Senge Rael, dada ya baba. Kwetu shangazi ni senge. Alichuma majani akiimba, hata wachumaji wa shamba la pili wakajikuta wanachuma kwa mwendo wake. Kabla ya kuanza ubeti alivuta pumzi ndefu iliyosikika hadi benchi la watoto, nasi tulijua: sasa. Ila kinywani mwake "Bwana" alikuwa "Pwana", na "damu" iligeuka "tamu". Kiptere hakuna aliyejali, kwa kuwa wengi wetu Wakipsigis tulisema vivyo hivyo. Lakini mwaka huo tulikuwa na mashindano Sotik, mbele ya kwaya za kila upande.

"Dada Rael, jaribu tena," Mwalimu alisema. "Bwa."

"Pwa."

"Bwa!"

"Si ndiyo hiyo nasema, Mwalimu? Pwana."

Kwaya iliangua kicheko, naye akacheka nao. Hapo ndipo nilipopaza sauti kutoka benchi la watoto: "Mwalimu, wacha mashine iimbe! Yenyewe haikosei!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu alikigeukia kinanda. "Mtoto amesema kitu," akasema, polepole.

Senge Rael alinitazama, bila hasira hata kidogo. Akafunga kitambaa chake upya kichwani, akarudi mstari wa nyuma.

Sotik, kinanda kiliimba mahali pake, na tukashinda. Kwenye lori la kurudi kila mtu aliimba isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo hakuongoza tena wimbo. Hata shambani alinyamaza. "Rael siku hizi anachuma kama mtu amefiwa," baba alisema, nami nikainamia kikombe changu cha chai.

Sasa mimi nami ni senge: Chemutai, binti wa kaka yangu anayeishi Kericho mjini, hutunga nyimbo kwa kompyuta. Anaandika maneno, anapanga noti, na sauti isiyo na mwenyewe inaimba. Hunitumia kwa simu. Hakuna anayelowa umande. Nakiri kwamba nazipenda, na wenzangu wa rika langu nawapendekezea. Anzeni na ule wa majani mawili na chipukizi, yaani mchumo wa chai, unaokwenda kasi kuliko ulimi wa binadamu, ngoma zikidunda kama ile mvua ya mawe. Mkiamka na moyo mzito, uwekeni mkiosha vyombo. Halafu sikilizeni ule wa ndama aliyekata kamba; mtajikuta mnamkimbiza.

Juzi nilimwomba Chemutai anitengenezee wimbo wa sifa wenye kasi hiyohiyo. Ulipofika, mashine ilitamka "Bwana" safi kabisa.

"Andika kwa P," nikamwambia.

"Pwana? Ai, Senge, hiyo si makosa?"

"Andika tu."

Niliupeleka Kiptere. Senge Rael, mvi sasa kichwa kizima, alikuwa nje juu ya kigoda, akipukuchua mahindi. Wimbo ulipofika kwenye "Pwana" alicheka hadi ungo ukamponyoka, mahindi yakatawanyika.

"Huyu ni mtoto wa nani hapa Kiptere?"

"Si mtu, Senge. Ni mashine."

"Mashine ya Kipsigis?"

Nikamwambia lile nililolibeba miaka yote: kwamba siku ile nilikosa, na kwamba tangu hapo sijawahi kusikia sauti inayoifikia yake.

"Nakumbuka," alisema, akiokota punje. "Ulikuwa na mdomo, wewe." Akasikiliza kidogo zaidi, akakunja uso. "Anaimba vizuri. Lakini mbona hapumui? Atakufa huyu. Hebu rudisha mwanzo."

Enzi zetu mashine ilikuwa na sauti bila maneno, nasi tuliipa nafasi ya mtu. Leo ina maneno yote, hata makosa yetu tukiiandikia, na haichoki. Watoto wetu hawatajua raha ya kufika kwa jirani ukiwa umechelewa, ukalazimika kuimba mwenyewe. Nilirudisha wimbo mwanzo. Ngoma zikaanza kukimbia, na kabla ya ubeti nikaisikia kutoka kwenye kile kigoda: pumzi ndefu, yenye mkwaruzo, fupi kidogo kuliko ya zamani.

Nikajua: sasa.