Mguu wa Kulia wa Mama Feza

Ukitaka kujua kama mwanamke wa Kasongo amesafiri sana, usimwulize. Tazama shavu la mguu wake wa kulia. Hapo ndipo bomba la moshi la pikipiki huweka saini yake. Léontine, ambaye mtaa mzima humwita Mama Feza, anazo saini mbili. Ya kwanza aliipata akienda Kabambare, kwenye daraja la magogo, akiwa na mimba ya miezi saba. Ya pili aliipata akirudi, kwenye daraja lilelile. Wengine, husema mwenyewe, wakitoka Kabambare huleta karanga.

Pikipiki, huku kwetu, huitwa moto. Moto wa jikoni nao ni moto. Watu hawakuwa wakichanganya, maana mmoja hupika na mwingine hupiga kelele. Shida ilianza zilipofika moto zisizopiga kelele.

Zilikuja nne, za umeme, za kupelekea chanjo vijijini, na pamoja nazo ikaja formasyo ya miezi sita ya kuwafundisha vijana kuzitengeneza. Feza, binti wa miaka kumi na tisa, alijiandikisha kwanza, kisha ndipo akamwambia mama. Mama akatafuta kiti. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, lakini umeme aliufahamu vya kutosha: ni kitu kinachoua bila hata kukohoa. Na nyumbani kulikuwa na mashine ya kushona ya marehemu dada yake, imefunikwa kitenge, inangoja miguu ya Feza. Mashine ya kushona, alisema, hata ikikasirika vipi, itakata uzi tu.

Walibishana siku tatu. Siku ya nne wakapatana kwa sharti moja, ambalo Léontine alilitamka polepole, jirani yao Julienne akiwa shahidi.

"Siku moto itakuunguza, hata kidogo kama mbegu ya pilipili, formasyo imeisha. Unakaa ku mashine."

Tangu hapo, kila jioni kabla ya chakula, Feza alinyoosha mikono kando ya mbabula, jiko lao la makaa, na mama akaikagua kidole kwa kidole, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Huku akigeuzwageuzwa, Feza alisimulia ya siku hiyo: kwamba kwanza unachomoa betri, unavaa glovu nene, kisha unapima kwa kipimo kabla ya kugusa waya wowote. Madamu Olga, mwalimu wao, alipenda kusema kwamba moto ya umeme haifi, inasinzia tu. Maneno hayo yalimnyima Léontine usingizi wiki nzima. Ili walau njiani mtoto awe salama, alimtafutia mwendeshaji mpole kuliko wote, Chadrack, awe anampeleka kila asubuhi kwa moto yake ya zamani ya petroli.

Miezi mitano ikapita bila hata lengelenge. Léontine akaanza hofu nyingine: mikono safi namna hii, huyu mtoto anafanya kazi kweli, au anatazama wenzake?

Asubuhi ya siku ya mtihani wa mwezi wa tano alikuwa anatwanga majani ya sombe, Julienne akaingia uani akihema.

"Mama Feza, usishituke. Moto imemuunguza Feza. Yeye iko kule ku formasyo."

Mtu akikuambia usishituke, amekwisha kukushitua. Léontine hakuuliza moto gani. Alinyakua chupa ya asali na kitambaa safi, akatoka. Alikuwa amefika sokoni alipotambua kwamba mchi nao ulikuwa begani, na kwamba watu walikuwa wanampisha. Mpaka sokoni alikuwa analia. Alipopita msikiti hasira ikachukua zamu. Kufika langoni pa formasyo, moyoni mwake alikuwa amekwisha kuifunua mashine ya kushona na kuitia mafuta.

Feza alikuwa kwenye benchi, mzima, mguu mmoja ndani ya beseni la maji. Kando yake alisimama Chadrack, macho chini. Madamu Olga, mwanamke mfupi mwenye bisibisi pale mfukoni ambapo walimu wengine huweka kalamu, alimwamkia mgeni kwa heshima, akautazama mchi.

Léontine aliikamata mikono ya binti yake. Safi. Akauinua mguu. Kwenye shavu la mguu wa kulia palikuwa na kidonda cha mviringo, kibichi, kama kifuniko cha chupa.

"Moto imekuunguza," alisema.

"Ni moto ya Chadrack, mama. Si ya umeme."

"Nilisema moto. Sikusema ya nani."

Na ilikuwa kweli, Julienne alisikia. Chadrack alijaribu kueleza kwamba alikuwa amekwepa mbuzi, kwa hiyo kosa ni la mbuzi, lakini hakuna aliyecheka. Feza hakubisha tena. Alianza kufungua vifungo vya koti la kazi, kimoja kimoja, kutoka juu, na mtihani ulikuwa mchana uleule.

Madamu Olga hakuomba wala hakutetea. Aliisogeza moja ya zile moto za umeme, iliyokuwa imezunguka mji tangu alfajiri.

"Mama Feza, nionyeshe mahali hii itamuunguza."

Léontine alijua pa kutafuta. Aliinama upande wa kulia. Hakuna bomba. Akazunguka kushoto. Hakuna. Akapeleka mgongo wa mkono kwenye mota iliyo ndani ya gurudumu, jinsi anavyopima majivu kabla ya kuyaamini. Ilikuwa vuguvugu, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Akasimama. Miezi mitano alikuwa amekagua mikono, kumbe angekagua mguu. Aliogopa moto iliyonyamaza, na ile yenye kelele aliichagua mwenyewe.

"Funga vifungo," alimwambia Feza. Kisha akamgeukia mwendeshaji mpole. "Sharti liko palepale. Aliyeunguza ndiye anatoka. Chadrack, formasyo yako imeisha. Kesho mutoto anakuja kwa mguu."

Hapo sasa walicheka, na Chadrack pia.

Akampaka asali, akamfunga kitambaa, akangoja kwenye benchi na mchi wake. Alimwona Feza akichomoa betri, akivaa glovu, akipima, asiguse kitu mpaka kipimo kiseme hakuna umeme. Waya uliotafunwa na panya aliupata kabla ya wenzake. Sehemu ya mwisho ilikuwa kuiendesha moto hiyo na mtu nyuma, kuonyesha kwamba fundi anaiamini kazi yake. Madamu Olga akauliza nani atapanda. Wenzake wote walimtazama Mama Feza.

Walipita sokoni kimya kimya, watu wakigeuka wao wamekwisha kupita. Léontine alikaa nyuma, mchi begani, na mguu wa kulia ameutupa nje kabisa, mbali na bomba ambalo halikuwapo.

"Mama, shusha mguu, utachoka."

"Wewe endesha," alisema mama, na hakuushusha.