Mama Niliyepewa Kumwongoza

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Butembo, nilipopewa mtu wa kumwongoza. Kwetu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa mkubwa wake wa kumwonyesha maktaba iko wapi na mwalimu gani hapendi watu wachelewe. Mkubwa huyo akiwa msichana tunamwita marraine. Mimi nilijiandaa sana. Nilipiga pasi blauzi nyeupe, nikaandika mashauri ukurasa mzima, nikakaa kwenye benchi mbele ya ofisi nikingoja msichana wa miaka kumi na minane hivi.

Akaja mama mmoja wa kitenge cha kijani, mwenye mkoba mkubwa, mtu wa rika la mama yangu. Nikasimama kumpisha.

"Karibu, mama. Mutoto wako iko wapi?"

"Batoto banabaki nyumbani," akajibu. "Miye njo ninakuya kusoma. Banasema niulize marraine wangu hapa."

Niliikunja ile karatasi ya mashauri nikaitia mfukoni.

Baadaye alinisimulia. Aliolewa kabla ya kumaliza sekondari, akalea watoto sita huku akiuza sokoni maharagwe yaliyotoka Alimbongo. Binti yake wa mwisho alipokaribia kufanya mtihani wa serikali, naye akajiandikisha. Wakasomea meza moja, wakafaulu wote wawili.

"Yeye alinipita kidogo," alisema. "Lakini yeye hakukuwa na chakula ya kupika."

Wiki za kwanza nilimwonea haya. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita marraine mbele ya watu, bila hata kutabasamu, na alinisikiliza kama vile mimi ninavyowasikiliza walimu. Nilipomfundisha kompyuta, alibonyeza vitufe taratibu kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Lakini jambo akilishika, halikumtoka tena.

Mwaka huo chuo kilitaka kila mkubwa na mgeni wake wafanye kazi ya kujitolea mtaani. Wengine walikwenda kuzibua mifereji. Mimi nikasema sisi tutawafundisha kina mama kusoma. Parokia moja upande wa Rughenda ikatuazima chumba kila Jumamosi asubuhi, nami nikachora herufi kubwa kwenye makartoni, a, e, i, o, u, kila moja na rangi yake.

Siku ya kwanza walikuja kina mama tisa, wengi wao wakiwa wamekimbia vita upande wa Eringeti na kupanga vyumba jirani na parokia. Wiki ya pili wakaja wanne, na mmoja akasinzia mpaka kichwa kikaangukia bega la mwenzake. Wiki ya tatu alikuja mmoja tu, naye aliuliza kama ni hapo wanapopima watoto uzito.

"Labda hawataki kusoma," nilimwambia mama yangu wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa karibu kulia.

Alifunga mlango, akanishika mkono, tukateremka mpaka kwenye chemchemi. Wanafunzi wetu walikuwa huko, wanafua. Akavua viatu, akaingia majini, akashika ncha moja ya shuka kumsaidia mwanamke mmoja mrefu kulikamua. Ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Mukijua kusoma, mutasoma nini ya kwanza?"

Walicheka. Yule mrefu ndiye aliyejibu.

"Message ya mutoto wangu. Aliolewa kule Beni. Akiandika, ninapeleka simu kwa jirani anisomee. Basi avenue, mutaa yote, inajua mambo yangu mbele yangu miye."

Jirani mwenyewe alikuwa hapo hapo, mikono yake imejaa povu. Alicheka kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata tuliyaacha makartoni nyumbani. Tulikaa kwenye majani juu ya chemchemi, nguo zikianikwa, na kila mama akaanza na jina la mtu aliyetaka kumwandikia. Mama wa kitenge cha kijani alikaa katikati yao na simu yake. Mimi nilizunguka nikiinama juu ya mabega, nikiongea kidogo kuliko nilivyozoea. Idadi yao ikapanda mpaka nikaacha kuhesabu.

Kabla ya likizo kubwa, simu ya yule mrefu ililia katikati ya somo. Jirani akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Acha," yule mrefu akamwambia. "Leo nitasoma miye mwenyewe."

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, sisi wote tukimfuata kwa midomo.

"Ma-ma. Ni-ko na mi-mba. U-si-a-mbie mu-tu."

Alifurahi kwa kumaliza. Kisha akaelewa alichokisoma, akaangalia nyuso zote zilizomzunguka, akajifunika kitenge kichwani. Tulicheka mpaka wengine wakalala kwenye majani. Alipojifunua, naye alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na kila mmoja akaapa kwamba hakusikia neno.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka, mama niliyemwongoza alifaulu masomo yote. Mimi nilibakiza moja la kurudia, takwimu, na yeye ndiye aliyekuja nyumbani kunikalisha chini na maswali.

Mjukuu wa yule mrefu alipobatizwa tulialikwa Beni. Tulikwenda watatu kwa gari moja: bibi wa mtoto, mama wa kitenge cha kijani, na mimi. Binti, ambaye habari za somo letu zilikuwa zimemfikia, alitupokea mlangoni, akamwangalia mama yake kwa jicho kali.

"Nilisema usiambie mutu."

"Sikuambia mutu," bibi akajibu. "Nilikuwa ninajifunza."

Binti alijaribu kukasirika, akashindwa. Akaniwekea mtoto mikononi ili akapakue chakula. Mtoto alikuwa mzito kwa umri wake, na alilala muda wote tuliokuwa tunakula.