Daftari la Elisha

Kila asubuhi Elisha, msimamizi mpya wa ujenzi wa ghorofa pale Masuguru, aliwakusanya mafundi na vibarua akauliza, "Nani kaona hatari? Aseme." Kisha alifungua daftari, kalamu mkononi.

Mhina, mwashi wa Misima, hakulipenda daftari lile. Kule Handeni msimamizi mwingine aliuliza hivyo hivyo, kwa upole. Aliyejibu ni mwashi mwenzake Ukasha, na kesho yake Ukasha alikuta mwiko wake mkononi mwa mtu mwingine, kazi hana. Mdomo huponza kichwa. Na mtu anayeandika, anaandika nini?

Alhamisi ile Mhina alikuwa na neno. Mirunda, miti ya jukwaa la kupandia ukutani, ilifungwa kwa kamba za katani siku ya mvua. Katani ikilowa hubana, ikikauka hulegea. Mhina alikua akifunga mbuzi kwa kamba hizo, akijua hutoroka siku gani: siku ya jua kali baada ya mvua. Jua lilikuwa limewaka siku mbili. Alipofika alijaribu fundo moja kwa kidole. Kidole kikazama chote.

Na wa kupandisha zege pale juu leo alikuwa kibarua Rosa.

"Nani kaona hatari?" Elisha akauliza.

Kimya.

"Hatari ni wewe na daftari lako, bosi!" Rosa akasema. Watu wakacheka. Elisha naye akacheka, lakini akaandika. Mhina alimwona.

Rosa akajitwika ndoo, akashika ngazi ya jukwaa. Hatua ya kwanza. Ya pili.

"Rosa, shuka!" Sauti ilimtoka Mhina kubwa kuliko alivyotaka.

"We Mzigua, umeota nini?"

"Kamba zimekauka. Shuka, dada."

Akashuka akinuna. Elisha akausukuma mrunda kwa mkono mmoja tu. Fundo likateleza, mbao zikaporomoka kwa kishindo. Rosa aliitua ndoo taratibu, bila utani tena.

Elisha akafungua daftari. "Jina lako kamili, fundi?"

"La nini? Nionyeshe kwanza ulichoandika."

Elisha akampa. Mhina akasoma polepole, akifuata kwa kidole. Tarehe, na mbele yake: kimya. Tarehe, kimya. Siku kumi na tisa. Ya leo: kimya, Rosa katania.

Mhina akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: Mhina, kamba.

Kesho yake alifika kabla ya wote, akaenda moja kwa moja alipoacha mwiko wake. Ulikuwepo. Hata hivyo, Elisha alipofika, Mhina aliliomba daftari, aone kilichoongezwa mbele ya jina lake.